Mtoto wa Zimwi Siku ya Wazazi

Mwalimu Simeon alitafuta mtoto wa kucheza zimwi, na katika watoto mia tatu wa shule ile akaona wangu tu.

Ilikuwa mwaka wa sabini na moja, hapa Nyeri. Mchezo wenyewe ulikuwa hadithi tunayoijua sote: msichana anaolewa na kijana mzuri, kumbe ni zimwi, lile lenye mdomo wa pili kisogoni, chini ya nywele. Anazaa. Nyanya anakuja kumnyoa mtoto, wembe unafika kwenye huo mdomo, na kijiji kinamtupa mtoto motoni. Hadithi zote za namna hiyo nilizosikia, huyo wa nusu-nusu hafiki mwisho akiwa hai.

Mwanasiti wangu alikuwa na miaka tisa. Mama yake, Rukaya, alikuwa Mwislamu wa mtaa wa Majengo, watu waliochanganya makabila tangu babu zao. Mimi ni mtu wa kijiji cha Giakanja, kabila moja tupu. Kwetu binti wa kwanza huitwa jina la mama ya baba, lakini mama yangu alikataa, akasema jina lake litapotelea Majengo. Rukaya akampa la mama yake. Sasa Rukaya alikuwa na miezi minane kaburini. Dawa yake ilikuwa imefungiwa stoo ya hospitali na mwenye ufunguo alikuwa mkutanoni. Wakubwa hawakosi mkutano.

Nilienda shuleni.

"Kwa nini yeye?"

"Ako na sauti, Baba Mwanasiti. Na Kiswahili yake ni safi."

"Watiri, binti wa chifu, hana sauti?"

"Watiri ndiye bibi arusi." Akacheka. "Mzee, moto ni leso tu za akina mama. Nyekundu."

"Si unaweza kumwacha aishi?"

"Hadithi iko hivyo. Na ofisa wa elimu anakuja, sitaki mambo mapya."

Jioni hiyo nikamkuta Mwanasiti akijipapasa kisogo.

"Baba, hapa kuko sawa?"

"Kuko sawa."

"Angalia tena."

Nikaangalia tena. Ilikuwa hivyo kila siku kwa wiki mbili.

Siku ya wazazi ilipofika, ofisa alikaa mbele na soda yake, sisi wengine tukasimama nyuma ya kamba. Walikuwa wamemnyoa mtoto kisogo na kumpaka rangi ya midomo pale. Nyanya alipoinua wembe wa kadibodi, jamaa mmoja kando yangu akasema, "Ati huyo hata hakuhitaji rangi." Watu wakacheka. Vijana wanne wakambeba. Nilimwona Mwanasiti akinitafuta kwa macho, kisha leso zikamfunika.

Sijui niliivukaje ile kamba. Nilizitupa leso huku na huku, nikambeba begani mzima mzima.

"Huyu ni wangu," nikasema. "Mimi ndiye baba yake. Anayemtaka anitupe mimi kwanza."

Halafu ofisa akasimama akapiga makofi, na kwa kuwa ofisa amesimama, wote wakasimama. Nikamsikia akimwambia Simeon, "Hilo zimwi zee mmelitoa wapi?"

Jumatatu Simeon akaja kwangu, kofia mkononi.

"Tumechaguliwa kwenda mashindano, Karatina. Ofisa anataka ile sehemu yako ibaki."

"Mimi sichezi michezo."

"Najua, mzee."

"Na nisipokuja?"

Akaangalia chini. "Itachezwa vile iliandikwa."

Nilitaka kumwambia yeye na ofisa wake waingie kwenye hizo leso wenyewe. Mwanasiti alikuwa mlangoni, amesikia yote.

"Baba," akasema, "ukikuja, ukuje mapema kidogo. Ile siku ulichelewa."

Nikamuuliza mwalimu basi inatoka saa ngapi.