Ukungu Kwenye Kioo cha Mbele

Mume wangu aliposema Jumatatu anarudisha funguo za gari la kazini na kuomba kazi ya stoo, nilidhani ana mwanamke huko stoo. Ndivyo nilivyo, hasira yangu hutangulia, akili hufuata nyuma ikihema.

Maana huyu ni mtu ambaye wenzake humwita Darubini. Shimo la barabarani huliona kabla halijachimbwa, ndivyo wanavyomtania. Kazi yake ni kuwapandisha wauguzi wa chanjo milimani kwa gari la fowili, lile linalovuta kwa magurudumu yote manne, kwenye njia za utelezi zinazochungulia korongo. Gari hulala kwetu, uani, na analitunza kuliko anavyonitunza mimi. Leo mtu wa namna hiyo akahesabu magodoro ya stoo?

"Sababu ni nini?" nilimuuliza.

"Nimechoka tu."

"Umechoka na nini? Wewe hata usingizini unabadilisha gia!"

Akazitia funguo mfukoni. Mama yake, tunayeishi naye, alikuwa mlangoni akipaka mafuta bawaba. Mama mkwe wangu hapatani na ukavu. Kitu chochote kikavu atakipaka: viatu, mpini wa jembe, magoti ya wajukuu. Hata mkanda wa cherehani yangu aliupaka siku moja, nikashinda nakanyaga na sindano haiendi. Sasa aliacha bawaba, akamtazama mwanawe kwa jicho ambalo sikulielewa.

Jumamosi mume wangu alipokwenda kujaza mafuta ya gari, nilipanda bila kualikwa, nikafunga mkanda.

"Endesha. Tutaongea njiani."

Hatukufika mbali, mvua ikashuka. Akawasha waipa. Akapunguza mwendo, akapunguza tena, mikono imekakamaa kwenye usukani, mwisho akaegesha kando huku waipa zikiendelea kupiga.

"Macho yangu yanakwisha," akasema.

Nikafungua mkanda, nikamgeukia.

"Mvua ikinyesha naona ukungu. Taa za magari zinaota manyoya. Nikadhani ni waipa, nikabadilisha mipira, nikaweka mipya kabisa. Haukupita muda, ukungu ukarudi. Marehemu baba alianza hivi hivi, na unajua alivyoishia, kushikwa mkono kwenda chooni. Siwezi kuwabeba watoto wa watu nikawatumbukiza korongoni."

"Hospitali umekwenda?"

"Niende wakaniambie kitu ninachokijua?"

Nilitaka kulia, na nilitaka kumpiga. Nikageuza uso asinione, nikatazama mbele. Hapo ndipo nilipogundua kwamba sioni. Kioo kizima kilikuwa na utando, na waipa zilikuwa zinausambaza badala ya kuufuta. Lori lilikuja, taa zake zimeota manyoya kama alivyosema. Na mimi ni fundi cherehani. Natunga uzi mweusi kwenye sindano bila miwani.

"Hata mimi sioni," nikasema.

"Usinifariji."

"Nikufariji kwa lipi? Shusha kioo cha upande wako. Toa kichwa."

"Nitalowa."

"Lowa!"

Akatoa kichwa kwenye mvua. Ng'ambo ya bonde kulikuwa na bango la duka la saruji. Akasoma jina la duka. Akasoma maneno ya chini, kwamba mzigo unaletwa mpaka mlangoni. Akasoma namba ya simu ambayo mimi mwenyewe nilihangaika nayo. Kisha akarudisha kichwa ndani, akalia waziwazi, machozi na kamasi, nami nikamfuta kwa ncha ya mtandio. Tukacheka mpaka tukakohoa.

Tulirudi polepole, yeye kichwa nje kama mbuzi aliyepakiwa kwenye pikapu.

Mvua ilipokatika alitandika taulo kwenye kioo, maana mkono wa waipa ukiponyoka ukiwa mtupu unaweza kukipasua. Akauinua, akabonyeza kibanio, waipa ikachomoka. Akauvuta mpira kutoka kwenye mfereji wake, pamoja na vile vyuma viwili vyembamba vinavyoulaza sawasawa kwenye kioo. Ulikuwa mpya juzijuzi tu, lakini ulishavimba na kulegea, unateleza vidoleni. Akaunusa, akanipa na mimi. Harufu ile naijua. Magoti ya wanangu hunukia hivyo kila asubuhi.

Tukageuka pamoja. Mama mkwe alikuwa kwenye ngazi za mlangoni, kopo la mafuta mkononi.

"Mbona mnanitazama hivyo? Kila Ijumaa naipaka hiyo mipira. Ilikuwa imekauka, na wewe ukaleta mingine mikavu vilevile."

"Mama," mume wangu akasema, "kumbe ni wewe unayenipofusha!"

Alisema kwa utani, lakini mama hakucheka. Akajishusha, akaketi kwenye ngazi.

"Nilikuona unafikicha macho," akasema. "Nilikuona unakunja uso kama baba yako. Sikuthubutu kuuliza. Nikasema angalau gari nimtunzie, lisimsumbue."

Nikaenda nikaketi kando yake.

Mume wangu akasugua kioo kwa maji ya moto na sabuni ya vyombo. Akatoa mipira ya akiba chini ya kiti, akahamishia vile vyuma, akausukuma kila mpira mpaka ukagota, akakata uliozidi. Nikamwaga ndoo ya maji juu ya kioo, akawasha waipa. Zilipita mara moja tu, na nikaona mpaka vumbi la dashibodi.

Mama hakuangalia kioo. Alisimama, akamwinulia mwanawe kopo usawa wa uso.

"Soma hapa."

Akasoma. Mama akarudi nyuma mpaka mlangoni.

"Na sasa?"

Akasoma tena. Mama akaingia ndani mpaka mwisho wa korido, akaligeuza kopo kwenye maandishi madogo ya nyuma.

"Soma!"

"Hifadhi mahali pakavu," mume wangu akasoma.

Mama mkwe wangu hajui herufi hata moja. Akanigeukia mimi niliyemfuata nyuma.

"Ndivyo ilivyoandikwa?"

"Ndivyo, Mama. Neno kwa neno."

Akalifunga kopo, akakikaza kifuniko kwa mikono miwili.

"Basi Jumatatu uwapandishe wauguzi wako," akamwambia mwanawe.