Programu Iliyosingiziwa

Katika ofisi ya wakili mmoja, ghorofa ya juu kabisa ya jengo lisilo na lifti, walikuwapo wachapaji wawili waliokaa meza moja, kompyuta zao zimepeana migongo. Mkubwa alikuwa akiitwa Bi Haraka, kwa sababu ya vidole vyake. Mdogo alikuwa wifi yake, mke wa mdogo wake wa kiume, na wateja wakambandika jina la Polepole ili jozi itimie. Wakili mwenyewe alipenda kusema kwamba haraka haina baraka, isipokuwa ile ya ofisini kwake.

Walikuwa mawifi wasio na ugomvi wa mawifi. Bi Haraka ndiye aliyemwombea Polepole kazi. Ndiye aliyemfundisha kuchapa bila kutazama, kwa kumfunika mikono na gazeti, na kila Polepole alipochungulia alipigwa kikofi chepesi begani. Mchana walikula pamoja wakimsengenya mwanamume wanayempenda wote wawili, mmoja kama kaka na mwingine kama mume, jinsi anavyokoroma na jinsi asivyojua kupiga pasi.

Kisha wakili akaleta programu mpya. Ile ya zamani ilikaa ndani ya kompyuta: unachapa, unasevu, unachapisha, mambo yamekwisha. Mpya ilikuwa ya mtandaoni. Faili lilijihifadhi lenyewe, na watu kadhaa waliweza kuliandika kwa pamoja, herufi zikajitokeza kwenye skrini kana kwamba zinaandikwa na jini. Laiti ile ya zamani ingeondolewa kabisa, watu wangepiga moyo konde na kuisahau. Lakini mahakama ilikuwa bado inapokea nyaraka za programu ya zamani tu. Basi asubuhi walichapa huku, mchana wakahamia kule, jioni wakarudi huku. Na vitufe havikupatana. Vile vilivyotafuta neno kwenye programu moja, kwenye nyingine vilifunga ukurasa.

Fundi wa kompyuta alikuja akaeleza yote kwa pumzi moja, akaacha namba ya simu isiyopokelewa. Ofisi nzima ikayumba. Wakili alifuta mkataba mzima wa mteja, akatoka chumbani kwake akiuliza kwa ukali ni nani kaufuta, na programu ikamwonyesha jina lake mwenyewe. Siku hiyo walicheka mpaka wakashika mbavu.

Polepole alipata njia yake. Alibadilisha rangi za skrini: ya zamani akaipa nyekundu, mpya akaipa kijani, na kila akihama alitamka rangi kimoyomoyo kabla ya kugusa kitufe. Alikosea, akarudia, na siku moja akagundua kwamba vidole vinahama vyenyewe bila kuulizwa. Alimpangia wifi yake rangi zile zile. Bi Haraka alishukuru, lakini kesho yake alikuwa pale pale.

"Mzoea punda hapandi farasi, wifi," alisema. "Na farasi huyu kila nikimpanda ananigeuzia kichwa."

Watu wakacheka. Tangu hapo, kila kosa lake likabebeshwa programu. Alimtumia mteja mmoja barua ile ile asubuhi nzima, programu. Alimwita karani wa mahakama kwa jina la karani aliyestaafu zamani. Kichwa kimejaa programu. Alisahau mkoba wake chooni, akautafuta chini ya meza zote, na wakili akasema siku hizi hata mikoba ina programu mpya. Bi Haraka alicheka kuliko wote.

Polepole naye alicheka, lakini alianza kuwahi ofisini. Alifungua mafaili ya wifi yake, akarekebisha tarehe, akarudisha aya zilizopotea, na Bi Haraka alipofika alikuta kazi yake imenyooka. Hakuuliza ni nani aliyeinyoosha, jambo ambalo baadaye lilimuumiza sana Polepole kila alipolikumbuka, kwa kuwa Bi Haraka aliyemjua asingepitwa na nukta iliyohamishwa.

Kisha ikaja asubuhi ambayo mtandao ulikatika mtaa mzima. Wakili akatangaza kwamba leo ni programu ya zamani tu, mpaka jioni. Ofisi ikafurahi kama wanafunzi waliosikia mwalimu haji. Polepole ndiye aliyefurahi zaidi, akajiambia, leo wifi yangu atapumua. Alimfungulia ukurasa, akamwekea rasimu ya barua fupi kando ya kibodi, akarudi upande wake akingoja kusikia ile mvua ya vidole.

Hakusikia kitu. Alipoinama kuchungulia pembeni mwa skrini, alimwona Bi Haraka amekaa wima, mikono juu ya kibodi mahali panapostahili, macho yakizunguka ukurasa kama ya mtu aliyeingia nyumba ya watu kwa makosa.

Bi Haraka aliinama kuelekea kwake, akanong'ona ili wengine wasisikie. "Wifi, hii ndiyo mpya?"

Polepole aliitazama ile skrini nyekundu. Ilikuwa programu ambayo mwanamke yule aliitumia tangu binti yake akibebwa mgongoni.

"Ndiyo, wifi," alisema. "Ndiyo mpya. Hata mimi inanisumbua. Nisogezee kiti."

Akaichapa barua ile wakiwa bega kwa bega. Bi Haraka akaitazama mikono ya wifi yake, akamsifu kwamba siku hizi amekuwa mwepesi.

Jioni ile Polepole alimweleza mumewe. Mume alikasirika. Alisema dada yake ana akili kuliko ukoo mzima, ni hizo kompyuta zao zinazowachanganya watu, na kwamba mke wake asimwite dada yake mgonjwa. Akaenda kukaa kibarazani. Polepole alipomfuata alimkuta ameshika simu bila kupiga.

"Jumapili alinipigia kuniuliza njia ya kuja hapa," mume alisema. "Nikadhani ananitania. Nikamjibu apande ndege."

Walikwenda hospitali wote watatu. Daktari alimuuliza maswali mepesi, mwezi gani huu, amekula nini asubuhi, na Bi Haraka akayajibu kwa mizaha, akiuzunguka ukweli kama mtu anayekwepa dimbwi. Aliposhindwa kabisa alitabasamu, akamwambia daktari asijali, ni programu hizi, zinabadilishwa kila kukicha. Daktari akaweka kalamu mezani. Baadaye aliwaita mume na mke kando, akawaambia kwa sauti ya chini kwamba ni ugonjwa wa ubongo, kwamba ulianza kabla ya programu yoyote mpya, na kwamba dawa zitapunguza mwendo tu, hazitarudisha kilichokwenda.

Bi Haraka hakumwaga unga kwa fedheha. Wakili alimwita chumbani, akamwambia apumzike kwa muda, na alipotoka humo wakili ndiye aliyekuwa na macho mekundu. Binti yake alimchukua akaishi naye. Kiti chake ofisini hakikukaliwa, na Polepole aliendelea kuhama kutoka nyekundu kwenda kijani na kurudi, haraka sasa, mpaka wateja wakaanza kuona jina lake halimfai. Hakulipenda hilo. Kuna nyakati alikosea kwa makusudi, apate kukawia.

Alipata ruhusa siku moja akaenda kumtembelea. Binti alimfungulia mlango, akamweleza kwamba mama ana siku nzuri na siku mbaya, na leo si mbaya. Bi Haraka alikuwa amekaa sebuleni mbele ya kompyuta ndogo ya binti yake, amevaa gauni la kazini, nywele zimechanwa vizuri. Alimtambua wifi yake, akamkumbatia, akamuuliza habari za kaka yake na kukoroma kwake.

Kisha uso ukabadilika, akamvuta mkono.

"Wakili amekasirika?"

"Hajakasirika, wifi. Anakusalimu sana."

"Mwambie najifunza. Kila siku najifunza. Nikiielewa tu hii programu, nakuja."

Polepole alitazama skrini. Haikuwa imewashwa. Binti alisimama mlangoni na trei ya chai, akageuza uso ukutani.

Polepole alivuta kiti, akakaa bega kwa bega na wifi yake, akabonyeza kitufe cha kuwashia. Mwanga ulipotokea alifungua ukurasa mweupe, akauchukua mkono wa Bi Haraka, akauweka taratibu juu ya kibodi.

"Tuanze mwanzo," alisema. "Hapa ndipo unapofungulia faili jipya."

Bi Haraka akaitikia kwa kichwa kwa utii, akatazama kwa makini. Alibonyeza palipoonyeshwa, akageuka kumtazama mwalimu wake aone kama amepatia.