Msichana Aliyekua Mezani

Jumatatu asubuhi, kabla hata hajaning'iniza mkoba wake, mtafiti wa mifupa alipima mfupa wa paja wa mtoto aliyelazwa kwenye meza ya maabara, akaona umerefuka kwa upana wa ukucha. Alifuta rula kwa kitambaa, akapima tena. Ilikuwa vilevile. Akaenda kubandika maji ya chai.

Mtoto huyo alikuwa msichana wa zama za kati, aliyefukuliwa kwenye makaburi ya mji wa kale watu walipokuwa wakichimba msingi wa soko. Alikufa akiwa na miaka kama minane, na kwa karne zote alizolala udongoni hakuongezeka hata kidogo.

Mkuu wa idara aliitwa. Alivaa miwani, akainama, akapima mwenyewe.

"Anakua," alisema.

"Naona."

"Basi mtafutie sanduku refu mapema. Watu wa stoo unawajua. Ukiwaambia leo, watakuletea mimi nimeshastaafu."

Yakawa hayo. Kila wiki msichana aliongeza kama mwaka mzima. Meno ya utoto yalidondoka yenyewe kando ya taya, na ya ukubwani yakachomoza mahali pake. Wanafunzi waliingia, wakachungulia, wakaendelea kuulizana habari za mtihani.

Kilichomsumbua mtafiti ni bega. Alikuwa amejipatia jina kwa kitabu kilichosifu malezi ya mji ule. Maandishi ya zama zile yalisema kwamba wenye nyumba kubwa walichukua watoto wa ndugu zao wa mashambani, wakawalea kama wa kuwazaa wenyewe. Aliyaamini, kwa kuwa yaliandikwa vizuri. Lakini mfupa haukui upendavyo. Hufuata kazi unayopewa. Mtulinga wa kulia, ule mfupa wa mbele ya bega, ulinenepa ukapinda, na pingili za shingo zikawa bapa, zikakaliana. Hata hapo mezani, bila mzigo wowote, msichana alikua kama mtu aliyebeba.

Nyumbani kwake, ghorofa ya nne, mtafiti aliishi na mumewe, watoto wao mapacha, na mpwa wake, binti wa dada yake mkubwa, ambaye wote walimwita Kiduchu. Kiduchu aliletwa mjini akiwa mdogo, ili asome. Mwaka wa kwanza mtafiti alikuwa na safari nyingi. Wa pili mapacha wakazaliwa. Kisha pampu ya jengo ikaharibika, maji yakawa hayapandi ila yabebwe, na shule ikawa jambo la kuzungumzwa tu.

Jioni moja alimkuta mlangoni akitua dumu.

"Hebu geuka, mwanangu."

Akapitisha kidole kwenye bega lake la kulia, juu ya mtulinga. Kidole hakikusita. Mfupa ule kilikuwa kimeugusa asubuhi, kule maabara.

"Panauma?"

"Hapana, mama mdogo. Nimezoea."

"Pumzika basi."

"Nikipumzika, mapacha wataogeshwa na nini?"

Mtafiti aliwatazama mapacha. Walikuwa wachafu kweli.

Wakati wa kula alimwambia mumewe kwamba Kiduchu lazima aanze shule. Mumewe hakuwa mtu mbaya. Alisema hilo ni la haki kabisa, tena limechelewa.

"Ila nani atabaki na watoto?" aliuliza.

Swali likakaa nao mezani, wakala nalo. Kiduchu alipokuja kuondoa sahani, wakaongea mambo mengine.

Mtafiti alifanya lile aliloliweza: aliandika upya. Alikikana kitabu chake hadharani, sura kwa sura. Alieleza jinsi neno "malezi" lilivyofunika utumishi, na jinsi watoto wa ndugu walivyobebeshwa mizigo ya nyumba za ndugu. Aliandika kwa uchungu wa kweli, na mara mbili ilimbidi asimame afute machozi. Kufikia hapo msichana wa mezani alikuwa mtu mzima. Ncha za mifupa zilikuwa zimeshikana, ukuaji umefungwa, na bega la kulia limebaki chini ya la kushoto. Sanduku refu halikuwa limefika.

Siku ya mhadhara ukumbi ulijaa, na redio ikautangaza moja kwa moja. Watu walisimama kumpigia makofi, wakasema si kila msomi ana moyo wa kujisahihisha. Mama mmoja wa safu za nyuma akanyoosha mkono.

"Wenye nyumba hizo, walijua?"

"Walijua," mtafiti alisema. "Walikuwa wakiwaona kila siku."

"Sasa mbona hawakuacha?"

Mtafiti aliinua glasi ya maji, akayanywa yote, kisha akasema utafiti bado unaendelea.

Aliporudi nyumbani hata viatu hajavua, dada yake akampigia simu kutoka kijijini.

"Nimekusikia redioni, mdogo wangu, unawasemea watoto wa zamani. Nimelia. Mungu akuzidishie."

"Amina, dada."

"Na mwanangu je, hajambo?"

"Hajambo. Amekua, dada. Ukimwona hutamjua."

Upande wa pili dada yake alicheka kwa furaha, akashukuru, akashukuru tena.

"Mpe nizungumze naye kidogo."

Mtafiti alitazama mlango uliokuwa wazi, ngazi zikionekana, zina matone ya maji.

"Nitampa," alisema. "Akishapanda."