Siku ya Kutolewa Ndani

Masere Joséphine-Marie alinikamata kifundo cha mkono akanivuta, na jua la saa nne likanipiga machoni kana kwamba lilikuwa limejificha nyuma ya mlango likinivizia. Nilikuwa na siku kumi na nane sijaliona. Uwanja wa mama mkwe ulikuwa mweupe, migomba ilikuwa myeupe, hata kuku walikuwa weupe. Nikajikwaa kizingitini, kitambaa kikanianguka kichwani, nikasimama hadharani, hapo Mushaki, nikipepesa macho kama kifaranga aliyetoka yaini.

"Njo hivi," Masere akasema, akijipangusa mikono. "Wewe haiko mbuzi ya kufungiwa ndani. Wewe ni muntu."

Kweli nilikuwa mtu. Dakika moja kabla, nilikuwa bibi-arusi.

Kwetu, bibi-arusi haingii kwa mumewe leo na kushika jembe kesho. Hukaa ndani nyuma ya mkeka. Hapiki, hafagii, halimi, haonekani uwanjani, mpaka watu wa kwao waje na vikapu vya chakula na mtungi wa pombe ya mtama, wamfunue, wamtoe nje kwa wimbo. Gutwikurura, tunasema. Siku hiyo ukoo wa mume unaona kwa macho yake kwamba huyu ana kwao. Akipigwa, anapo pa kukimbilia, na akifiwa, wapo wa kulia pamoja naye. Kwa kawaida ni siku ya nane. Ikizidi hapo, majirani huanza kukohoa.

Kwetu mimi kulikuwa kwa masere, watawa wa kike, katika nyumba ya mayatima ya misheni, huko juu ng'ambo ya Masisi. Nilifikishwa pale mwaka wa njaa ile kubwa, nina miaka saba, na mtu ambaye hakungoja kuulizwa jina. Kwa miaka kumi nikafundishwa kudarizi, kuimba Kilatini na kusikia njaa kengele ikilia. Maharage nilidhani huzaliwa ndani ya gunia.

Msichana akitimiza miaka yake alitafutiwa mchumba Mkristo. Akapewa shuka mbili, rozari, sindano na uzi, na Masere akampa mkono mlangoni kama mwanamume kwa mwanamume: "Sasa wewe ni muntu muzima." Jioni ileile kitanda chake kilikuwa na mwingine. Sisemi alikuwa na roho mbaya. Aliamini kabisa kwamba utu uzima unakuingia pale mlango unapofungwa nyuma yako.

Aliyejua kwamba haukuingii hivyo alikuwa mpishi wetu, Mama Drocella, mjane mwenye sauti ya kukwaruza na kofi jepesi. Masere akiwa kanisani, sisi tulikuwa nyuma ya jiko tukijifunza kilima: kulima kwenye mteremko bila kujikata mguu, kubeba mtungi, kukaa mbele ya mama mkwe bila kumkodolea macho kama mwalimu. Na kila msichana alipoolewa, siku ya nane Mama Drocella aliomba ruhusa. Kila mara dada yake alikuwa mgonjwa. Akajitwika vikapu, akatembea milima, akasimama uwanjani mwa watu akasema yeye ndiye mama wa bibi-arusi. Kumi na mmoja aliwatoa ndani hivyo.

Mimi nilikuwa wa kumi na mbili, na ndimi niliyekuwa na mdomo.

Asubuhi ya kuondoka kwangu, mwaka wa hamsini na tatu, tulikuwa tunakunywa uji, wasichana wote wamekaa, masere kwenye meza yao. Nilikuwa na hofu, na mimi nikiwa na hofu huchekesha watu. "Mama Drocella," nikapaza sauti, "huyu dada yako iko na ugonjwa gani wa kumushika kila tukiolewa? Mumwambie ajitayarishe, wiki ijayo ataanguka tena!"

Wakacheka mpaka uji ukawapalia. Mama Drocella naye alicheka, kwa meno tu. Nikamwona Masere anashusha kikombe chake mezani, taratibu, bila sauti. Nilimwona. Nikaongeza mzaha mwingine juu ya ule.

Siku ya nane mama mkwe wangu, Mama Mukandayisenga, alifagia uwanja mara mbili. Ya tisa akafagia mara moja. Ya kumi kuku walifanya walivyotaka.

Mvua ya kupandia ilikuwa imefika. Mume wangu Athanase alikuwa kwenye shamba la pareto la mzungu kutwa nzima, na jioni aliniuliza kwa macho tu. Mama mkwe akapanda maharage peke yake, akarudi ameshika kiuno, akapika, akanisukumia sahani chini ya mkeka, mimi msichana mzima mwenye mikono miwili.

"Mukazana," akaniambia mimi mke wa mwanawe siku ya kumi na tatu, "watu wako wanatembea kwa magoti?"

"Mama, vikapu ni vizito. Na mtama wa pombe wameupanda juzi."

Akacheka. Alikuwa mwanamke wa kucheka. Lakini nilimsikia baadaye nje, jirani akimuuliza jambo, na yeye akijibu, "Watakuja. Kwao ni mbali," kwa ukali wa mtu aliyejibu hivyo mara nyingi.

Ndipo kamioneti ya Padiri ikaja kunguruma uwanjani, na Masere akashuka. Alikuwa ameanza kazi mpya, ya kuwatembelea wasichana wake waliotoka. Jambo jema, hata leo nasema jambo jema. Alikuwa na daftari mkononi, na kwa ajili yangu medali ndogo ya Bikira Maria. Mama mkwe aliitazama mikono yake, akatazama nyuma yake, kisha akaenda kuchungulia ndani ya gari. Hapakuwa na hata mkungu wa ndizi.

Alipokwisha kunivuta nje, nilimnong'oneza. "Masere, Mama Drocella iko wapi?"

"Drocella ana kazi ya jiko. Ile uongo yake nimeimaliza." Akanipapasa shavu. "Nimekuja mimi mwenyewe. Si ni bora?"

Akaandika, akanisomea kwa fahari: Vestine, afya nzuri, iko huru. Akapanda gari, akanipungia mkono mpaka kona ikamficha.

Wanawake wawili walikuwa uani kwa jirani, vidole mdomoni, maana bibi-arusi ametolewa na mikono mitupu. Mama mkwe akaokota kitambaa changu, akakikung'uta vumbi, akanifunika tena kichwa.

"Ingia ndani," akasema.

"Mama?"

"Ingia. Watu wengine wote wamekwenda mashamba. Hawa wawili nitaongea nao. Hatukuona kitu. Tutangoja."

Mlango ulikuwa hatua mbili. Sikuombwa kusema neno lolote, nilitakiwa kuinama tu na kupita. Lakini wale wanawake walikuwa wananitazama, na mimi tangu utoto nimejifunza kujicheka kabla sijachekwa. Nikakitoa kitambaa.

"Tungoje nani, Mama?" nikasema kwa sauti ya kuvuka ua. "Mimi sina watu! Sina hata mmoja. Leta jembe tupande, maharage hayaulizi ukoo."

Wale wawili wakacheka. Mama mkwe hakucheka. Akasema, "Ni wewe umesema," akaingia ndani kunitolea jembe.

Yaliyobaki niliyapata miaka miwili baadaye, kwa msichana wa kwetu niliyekutana naye baada ya misa. Asubuhi ile kamioneti ilipotoka kwenye lango na Masere ndani yake, Mama Drocella alifungua aproni, akaitundika, akavitoa vikapu alivyovificha, akatoka kwa lango lilelile. Gari lilikuwa linakuja kwangu. Yeye naye alikuwa anakuja kwangu, kwa miguu. Jikoni hakurudishwa. Akaenda kwa shemeji yake upande wa Walikale, Kibua. Nilisema kiangazi nitakwenda kumwona. Nikasema hivyo tena kiangazi kilichofuata. Cha tatu nikaambiwa nisijisumbue.

Lakini siku aliyofika sikujua lolote kati ya hayo. Ilikuwa siku ya tatu ya jembe langu. Tulikuwa kwenye shamba la kando ya barabara, mimi na mama mkwe, na juu yetu wanawake wa kilima kizima wakilima yao, walewale walioisikia habari kwamba bibi-arusi wa Athanase amejitangaza hana watu. Nikainua kichwa nipanguse jasho. Mama Drocella alikuwa barabarani.

Matope yalikuwa yamempanda hadi magotini. Kichwani vikapu viwili vya mifuniko mirefu, kimoja juu ya kingine, vimefungwa kitambaa cheupe, na mkononi mtungi uliozibwa kwa majani ya mgomba. Aliniona. Aliliona jembe, kichwa kitupu, udongo mpaka kwenye viwiko. Mwenye vikapu kichwani hawezi kuinama. Alishusha macho tu, kisha akayainua tena.

"Kazi njema, bamama," akasema. Mimi alikuwa ameniita mwanangu kwa miaka kumi.

"Aksanti, mama," mama mkwe akajibu. "Unaenda wapi na muzigo yote hiyo?"

"Ninapita tu. Ninashuka soko ya Sake."

Mama mkwe akaegemea jembe lake. Hakuna mtu anayepeleka sokoni vikapu vilivyofungwa namna ile, na yeye alikuwa ameozesha mabinti watatu.

"Vestine," akasema polepole, "unamujua huyu mama?"

Huko juu majembe yalikuwa yamesimama. Mama Drocella alinitazama bila kuniomba chochote, kama alivyokuwa akitazama chungu apate kujua kimeiva au bado.

"Hapana, Mama," nikasema. "Ni mupita njia."

Akatikisa kope kidogo, akaweka sawa ngata kichwani, akaondoka. Alitembea vizuri, shingo wima, na pombe mle mtungini haikumwagika hata tone. Kona ya kwanza ikamchukua, ya pili ikamrudisha, mdogo zaidi.

Mama mkwe alikuwa bado ameegemea jembe.

"Nenda unitekee maji," akasema. "Kule chini, ku njia ya Sake. Kimbia."

Nilitazama mtungi wetu chini ya mgomba. Ulikuwa umejaa mpaka shingoni. Aliujaza mwenyewe alfajiri.

"Maji iko mingi, Mama," nikasema, nikainama kwenye mstari wangu.