Kobe Amewekwa Getini

Jirani yangu Erasmus anadai alifungua gemu asubuhi akamkuta Kobe amesimama getini, anawapungia wenzake mkono. Hachezeki tena. Apdeti imemfanya bawabu.

"Unatia chumvi," nilimwambia. Nikapakua na mimi. Kweli, Kobe yuko getini, na nafasi yake kapewa Panzi mwenye mabawa.

Tangu toleo la kwanza, nikiwa darasa la tano, mimi huruka mabonde na Kobe. Ni mzito, lakini haanguki ovyo. Watengenezaji walipotaka tupige kura nani apumzishwe, kundi letu lote la Tabora na Nzega liliapa kumlinda.

Erasmus akachokoza kundini: "Nani kati yetu alipiga kura Kobe atolewe?"

"Mimi," akaandika Julieth wa Bukene. "Dada, kobe wako alituchelewesha mno. Gemu si msiba."

Julieth huyo nilimfundisha kuruka kwa Kobe huyohuyo.

Kisha akalalamika kwamba simu yake imejaa, apdeti haiingii, afute picha zipi. Nikamwandikia pembeni: "Mdogo wangu, usiipakue kwanza. Jumamosi naja Bukene. Niachie nicheze na Kobe kwenye simu yako mara moja tu."

Ameusoma ujumbe. Kule kundini anauliza Panzi anapaa kwa kubonyeza wapi.