Ufunguo wa Thabit

Kompyuta yangu ya zamani ilikufa, na tovuti inayotuhifadhia programu yetu haikuitambua hii mpya. Basi nikakaa sebuleni kwetu Hail, huku ughaibuni, kuitengenezea funguo zake mbili: wa siri, unaobaki ndani ya mashine na hapewi mtu, hata mama mzazi, na wa wazi, unaopelekwa kwenye tovuti ili ikujue bila kukuuliza nywila. Kazi ya dakika chache kwa mwenye subira. Mimi sina.

Nasema "yetu" kwa mazoea. Programu hii ya kuagizia vitumbua na mikate ya kumimina kwa kina mama wa hapa tuliitunga wawili, mimi na Thabit, mtoto wa ami yangu. Tulifungua akaunti moja. Wataalamu wanakataza, lakini sisi tumekua tukila sinia moja, nani angejipakulia peke yake? Kisha Thabit akaenda Unguja kusimamia kesi ya nyumba ya bibi, akaniambia akirudi mama yake atakuja kuniposa. Kesi imekwisha, Idi mbili zimepita, na simu zangu hapokei. Shoga yangu Shurooq kanishauri nimsahau. Kusema rahisi.

Nilipobandika ufunguo wangu mpya, tovuti ikanionyesha funguo zote za akaunti. Wa Thabit ulikuwepo, na chini yake imeandikwa kwamba umetumika wiki hii.

Kwa hiyo anaingia. Anachukua nilichoandika, anakisoma, anatoka, haachi hata nukta. Kwanza nilifurahi, wallahi, nikacheka peke yangu. Halafu hasira zikanipanda. Kutwa namkosa mtu huyu, kumbe yumo humu humu ananyata.

Nikaufuta ufunguo wake. Hakukuwa na kitu kingine kilichobaki baina yetu, na kama hatauliza, basi nimemaliza mwenyewe.

Kwa siku kadhaa nililala na simu mkononi. Alhamisi, baada ya alasiri, akaandika: "Nasriya, leo hakufunguki. Umenitoa?"

Nikamjibu: "Nimekutoa. Nyumba ya watu haiingiwi kimya kimya. Piga hodi."

Kwetu hodi ni tatu. Ya tatu isipoitikiwa, mgeni hugeuka akarudi alikotoka, wala halaumu mtu. Thabit kalelewa hivyo, nami vilevile.

"Hodi," akaandika.

Nikaiacha. Mimi nimengoja, naye angoje. Mama aliniita nikamimine chai, nikajifanya sikusikia.

"Hodi, Nasriya. Nyumba tumenyang'anywa. Nna haya kurudi mikono mitupu, ndiyo maana nilikuwa nasoma tu. Nilikuwa nataka kujua kama ungali unaandika."

Nilikuwa nimekusudia kumwadhibu mpaka mwisho. Lakini ya tatu sikuthubutu kuingoja. Niliandika "Karibu", vidole vikakosea herufi, nikafuta, nikaandika tena.