Mkebe wa Mchana

Bogumila alikuna kabichi ya mwisho asubuhi ya tarehe thelathini na moja Oktoba, na hakujua kwa nini aliikuna nyingi hivyo. Kibanda cha chakula cha Kivietinamu kilichoitwa Yungiyungi kilikuwa kinafungwa siku hiyo hiyo, saa tisa alasiri. Baada ya sikukuu angeingia mpangaji mwingine, wa kebabu, na mtaa ule wa karibu na soko la Kielce, Polandi, tayari ulikuwa na kebabu tatu. Lakini mikono yake ilikuwa na mazoea ya miaka kumi na tisa, na mikono haisomi matangazo yaliyobandikwa mlangoni.

Alikuwa na miaka sitini na mbili. Magoti yalimuuma tangu alfajiri, kama yanavyouma siku za ukungu. Chini ya meza, karibu na gunia la mchele, alikuwa ameweka vyungu vitatu vya maua ya krisanthemu na mishumaa mitatu ya makaburini, ile ya ndani ya glasi yenye kifuniko. Kimoja cha mama yake. Kimoja cha marehemu mumewe. Cha tatu alikichukua bila kufikiri, na muuzaji alipomuuliza, "Watatu mwaka huu, Bi Bogumila?" akajibu ndiyo, akalipa, akaondoka.

Wa tatu alikuwa Bwana Khiem, mwenye kibanda. Moyo wake ulisimama Novemba iliyopita, siku chache tu baada ya Siku ya Watakatifu, akiwa kwenye foleni ya kununua mchele wa jumla. Walimchoma, kijana wake akayachukua majivu akayapeleka kwao Vietnam, karibu na Nam Dinh, yakazikwa na ya babu zake. Ilikuwa sawa, mtu azikwe kwao. Ila kesho, Siku ya Watakatifu, Kielce nzima ingekwenda makaburini na maua na mishumaa, hata walevi, hata watu wasiosalimiana na ndugu zao, na yeye Bogumila alikuwa na mshumaa usio na kaburi.

"Kuku wa ladha tano," alisema mtu dirishani.

Alikuwa Zenon, dereva wa basi mstaafu, mwenye kofia ile ile ya sufu.

"Sosi?"

"Miaka kumi na tano unaniuliza sosi."

"Na miaka kumi na tano unabadilisha mawazo. Kali, ya kati au laini?"

"Ya kati. Halafu leo niambie ukweli kabla hamjafunga. Hizo ladha tano, mimi nimezihesabu nne."

"Ya tano ni kusubiri. Kaa."

Zenon alicheka, kisha kicheko kikamwishia njiani. Alitazama ndani, meza nne za plastiki, kalenda ya mwaka juzi yenye picha ya daraja jekundu.

"Sasa nitakula wapi, mama?"

"Nyumbani kwako. Una mke."

"Mke wangu kila siku kabichi, kabichi. Hapa nilikuwa nakuja angalau nile kabichi ya kigeni."

"Hiyo kabichi ya kigeni naikuna mimi, Zenon. Na mimi nimezaliwa hapo Checiny, jirani tu."

"Usiniharibie," alisema Zenon. "Leo hata usiniharibie."

Nyuma, kwenye majiko, Bi Thuc hakugeuka. Alikuwa mjane wa Khiem, mwanamke mdogo wa mwili, nywele zimekatwa fupi. Zamani aliuza suruali ndani ya soko, na hapa kibandani hakuwahi kukanyaga ila mara chache. Mumewe alipokufa alifunga meza yake ya suruali akaja kusimama mbele ya sufuria zake. Mwaka mzima sasa wanawake hao wawili walikuwa wamefanya kazi wakipishana mgongo kwa mgongo, na maneno yao yangetosha kwenye karatasi ya risiti. Mchele umekwisha. Lete mafuta. Kesho mapema. Bogumila aliamini kwamba Thuc hampendi, na aliamini pia kwamba ana haki ya kutompenda, ingawa hakujua kama Thuc anajua kwa nini.

Sababu ilikuwa mkebe.

Mambo yalianza na maua. Wiki ile Khiem alipofungua kibanda, ilikuwa mwishoni mwa Oktoba, naye aliona krisanthemu zimejaa kila kona ya soko, nzuri na rahisi, akanunua vyungu vinane akavipanga juu ya kila meza na dirishani. Siku tatu hakuingia mtu. Watu walikuja, wakachungulia, wakarudi nyuma. Bogumila wakati huo alikuwa akiuza soksi kibanda cha jirani. Siku ya nne aliingia kwa hasira, kwa sababu hata wateja wake yeye walikuwa wakipita upande wa pili wa barabara.

"Bwana wewe, umemzika nani humu?"

"Mimi? Hakuna," alisema Khiem.

"Basi toa haya maua. Haya ni ya makaburi. Mtu hawezi kula wali wake juu ya kaburi."

Khiem alitazama meza zake moja moja. Akaanza kucheka, akacheka mpaka akashika ukuta. "Siku tatu," alisema, "siku tatu nimewakaribisha watu kwenye mazishi yangu." Kisha akasema kwamba watu wanaotazama maua yale kwa namna ile hawezi kuwapikia peke yake, anahitaji mtu wa kumwambia wanataka nini. Bogumila alimwambia wanataka kabichi. Hata kama ni chakula kilichotoka kwenye mwezi, Mpolandi atataka kabichi pembeni. Jumatatu iliyofuata aliacha soksi.

Siku za kwanza kila mtu alikula chake. Yeye alibeba kotleti za nyama ya kusaga, viazi vilivyopondwa kwa siagi, na bitiruti. Khiem alikuja na mkebe wa bati aliofungiwa na mkewe: wali, na nyama ya nguruwe iliyopikwa taratibu na mayai kwenye sukari iliyoungua. Khiem alikuwa anaufungua, anaunusa, anaufunga. Wiki nzima hivyo. Kisha siku moja akausogeza mkebe upande wa Bogumila.

"Dada, tubadilishane."

"Mkeo anapika vibaya?"

"Anapika kama mama yangu," alisema Khiem. "Hilo ndilo tatizo. Nikila hiki mchana, nakaa kwetu mpaka jioni. Naungua mikono, nakosea wateja. Usiku nikila nyumbani, sawa, naweza kuhuzunika nikalala. Mchana siwezi. Nipe viazi vyako. Viazi vyako havinikumbushi kitu."

"Asante sana."

"Ni sifa hiyo, dada. Ila usimwambie Thuc. Anaamka saa kumi kunipikia."

Hivyo ndivyo ilivyokuwa, miaka kumi na minane, saa nne na nusu kila asubuhi, kabla dirisha halijafunguliwa. Khiem alikula kotleti akiwa amesimama, na hakuna siku aliyobakiza hata punje ya kiazi. Mwishowe alikuwa akigomba kama bitiruti hazikukunwa vizuri. Bogumila alikula kilicho cha Thuc. Akimaliza, aliuosha mkebe, akaukausha. Kwao hakufundishwa kumrudishia mtu chombo kichafu.

Saa tisa walishusha dirisha. Zenon ndiye aliyekuwa wa mwisho; alirudi mara ya pili, akanunua wali asioutaka, akaubeba ndani ya mfuko kama dawa. Bogumila alianza kuvua aproni. Ilikuwa nzito mikononi kama koti lililolowa.

"Subiri," alisema Thuc.

Alipanda juu ya kiti. Kwenye rafu ya pembeni, juu ya friji, palikuwa na picha ya Khiem kwenye fremu, na kikombe cha mchele chenye vijiti vya ubani. Alifuta vumbi kwa kiganja. Kisha akashuka, akafungua mfuko wake, akatoa mkebe.

Bogumila aliutambua kabla haujatoka wote. Ulikuwa umebonyea kidogo pembeni, tangu siku ulipoanguka barafuni.

"Kwetu," alisema Thuc polepole, akitafuta maneno, "mtu akihama, anamwambia marehemu. Anampa chakula, anamwambia: tunaondoka hapa, twende pamoja. Asipoambiwa, atakaa mlangoni anatusubiri. Na mtu wa kebabu hamjui."

"Ni vizuri," alisema Bogumila.

"Nimempikia alichopenda." Alifungua kifuniko. Wali, nyama, mayai ya rangi ya chai, harufu ile ile ya sukari iliyoungua. "Miaka yote. Hakubakiza kitu. Mkebe ulirudi mweupe. Alikipenda, sivyo? Wewe ulimwona akila."

Bogumila alikaa. Neno moja tu lilihitajika, ndiyo, na lilikuwa jepesi, na kila mtu angekwenda nyumbani kulala. Alikuwa amechoka. Mwaka mzima alikuwa amechoka kwa uchovu usio wa kazi. Lakini alimwona Khiem mlangoni, amesimama kama alivyokuwa akisimama, analetewa mkebe anaufungua, anaunusa, anaufunga. Mtu amekufa na bado hajapewa chakula chake.

"Bi Thuc," alisema. "Hakuwa akila."

Thuc aliweka kifuniko mezani.

"Nilikuwa nakula mimi. Yeye alikula changu. Kotleti. Viazi. Alisema chako kinamrudisha kwao, na mchana hawezi kwenda kwao, ana kazi. Jioni ndiyo alikuwa anakula chako. Mchana hakuweza." Alisikia jinsi maneno yalivyokuwa machache mbele ya miaka ile. "Aliniomba nisikwambie kwa sababu ulikuwa unaamka saa kumi."

Friji ilinguruma, ikanyamaza. Thuc alichukua kitambaa akafuta meza iliyokuwa safi, akaenda mpaka pembeni, akarudi.

"Mume wangu," alisema, "tangu anioe, hajaosha kijiko. Mkebe ulikuwa unarudi umeoshwa. Umekaushwa. Na ndani, karatasi ya kufutia mkono imekunjwa pembe tatu."

Bogumila alitazama kishikio cha karatasi za kufutia mikono kwenye kaunta. Zilikuwa zimekunjwa pembe tatu, zote, kama alivyozikunja kila asubuhi ya maisha yake.

"Miaka kumi na minane nilisema, kuna mwanamke. Sikuuliza. Nilisema, nitapika vizuri zaidi. Nilipokuja hapa, siku ya kwanza, nikaona karatasi zako." Alikunja kitambaa mkononi. "Mwaka mzima nimekutazama mikono."

"Yesu na Maria. Mama wee. Mimi na magoti haya?"

Ilimtoka tu. Thuc alimtazama, na kitu kikapita usoni mwake, hakikuwa kicheko lakini kilitoka mtaa wa kicheko. Aliketi kiti cha pili. Wote wawili walitazama mkebe uliokuwa wazi kati yao.

"Kwa hiyo ni wewe niliyekuwa nakupikia."

"Ni mimi."

"Saa kumi alfajiri."

"Nisamehe."

Thuc alisugua macho yake kwa mgongo wa mkono, kwa nguvu, kama mtu aliyekata vitunguu. Nje mtu alitikisa mlango, akasoma tangazo kwa sauti, akaenda zake.

"Kilikuwa na chumvi nyingi?" aliuliza mwishowe.

"Jumatatu tu."

"Jumatatu nilikuwa na usingizi," alisema Thuc. Kisha akasimama. "Gesi ipo bado. Nyama ya kusaga ipo kidogo. Viazi?"

"Viazi hatujawahi kuweka hapa."

"Nenda kanunue. Soko linafunga saa kumi. Siwezi kumwambia twende, na hajala."

Bogumila alivaa koti akaenda. Alinunua viazi kilo moja, siagi na mkate wa jana, kwa sababu kotleti hazikai bila mkate uliolowekwa. Bitiruti hazikuwapo. Aliporudi, Thuc alikuwa amewasha majiko mawili na kusimama pembeni na daftari la maagizo mkononi, kalamu tayari, kama mteja anayesubiri kuulizwa sosi.

"Sema taratibu," alisema. "Nitaandika."

Alisema taratibu. Kitunguu kwanza, kikaangwe peke yake. Mkate ukamuliwe. Mikono ilowe maji. Thuc aliandika kwa lugha yake, mistari mifupi, na mara mbili alimwambia arudie.

Walipakua sahani moja: kotleti mbili, viazi, na badala ya bitiruti, kabichi, rundo kubwa, kwa kuwa ilikuwapo nyingi. Thuc alipanda tena kitini akaiweka mbele ya picha. Alichoma ubani, akainamisha kichwa mara tatu, akasema maneno ambayo Bogumila hakuyaelewa ila jina la mtaa anapoishi Thuc, alilolitaja mara mbili, kama mtu anayempa mgeni anwani.

Bogumila alitoa chungu cha tatu chini ya meza. Alikishika kifuani, hajui akiweke wapi. Kesho asubuhi angekwenda kwa mama, kwa mumewe, angewasha mishumaa miwili.

"Haya maua," alisema, "siku ile nilimfokea ayatoe."

"Aliniambia," alisema Thuc. "Kila mwaka alinieleza." Alikipokea chungu, akakiweka juu ya meza ya katikati, mahali ambapo wateja walikuwa wakikaa, akaweka na mshumaa wa glasi kando yake. "Sasa ni wakati wake. Washa."

Bogumila aliwasha. Njiti ya kwanza ilizimika, ya pili ikakubali.

Walisubiri ubani uungue mpaka chini, kama inavyotakiwa, na haukuwa na haraka. Viazi juu ya rafu viliacha kutoa mvuke. Thuc aliuvuta mkebe, akachota wali, akamsogezea Bogumila, na mwenyewe akachukua kotleti iliyobaki kwenye kikaango. Aling'ata, akatafuna muda mrefu.

"Haina ladha," alisema.

"Ndivyo alivyopenda."

Thuc alitikisa kichwa, akang'ata tena. Bogumila alikula mpaka mwisho, kisha akasimama kwa shida, akaenda kwenye sinki, akafungua maji. Aliuosha mkebe, akaukausha, akanyoosha mkono kwenye kishikio, akachukua karatasi moja.